Kutoka Kibarua wa Mlimani hadi Mfalme Mwaminifu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Li Xiucheng

Li Xiucheng alikuwa nani hasa?

Li Xiucheng (1823–1864) alikuwa jemadari wa waasi wa Taiping, waliopigana na serikali ya nasaba ya Qing katika vita vilivyoiunguza China ya kusini na ya kati tangu mwaka 1851 hadi 1864. Alizaliwa katika familia ya wakulima fukara, akaingia katika uasi akiwa mtu asiye na cheo chochote, na katika miaka minne ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa nguzo ya jeshi lililosalia. Watu wa zama zake walimjua zaidi kwa cheo cha Zhong Wang, yaani Mfalme Mwaminifu. Sifa yake imesimama juu ya mambo mawili ambayo, kama fahali wawili, hayakai vizuri katika zizi moja: ushindi wake vitani, na maandishi marefu aliyoyaandika akiwa kifungoni, ambamo anamsifu adui aliyemfunga na kujitolea kumsaidia.

Jina lake la ukoo ni lipi?

Ni Li, kwa kuwa Wachina hulitanguliza jina la ukoo. Jina la pili hutamkwa kwa kukaribiana na «Shiu-cheng». Hakuzaliwa nalo: kwao aliitwa Li Yiwen, na hilo la Xiucheng alipewa na kiongozi wa uasi baada ya kupanda cheo.

Je, ni kweli kwamba alitoka katika umaskini, au hizo ni sifa za baadaye?

Ni kweli. Alizaliwa katika wilaya ya Teng, mkoani Guangxi, kusini mwa China, katika nchi ya milima ambako ardhi ya kulima mpunga ilikuwa ya kugombaniwa. Familia yake ililima makonde ya mlimani na kufanya vibarua kwa wengine ili ipate chakula. Mwenyewe anaeleza kwamba kuimaliza siku kulikuwa kugumu, na kuumaliza mwezi kulikuwa kugumu zaidi. Alipokuwa mtoto alisoma kwa miaka michache tu kwa mjomba wake, kisha akarudi kuwasaidia wazazi kutafuta riziki. Miaka hiyo michache ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiyo iliyompa hati ya mkono ambayo baadaye aliandikia makumi ya maelfu ya herufi. Hati yenyewe si ya msomi, imejaa makosa ya herufi na maneno ya lahaja ya kwao.

Taiping walikuwa watu gani, na walitaka nini?

Kiongozi wao, Hong Xiuquan, alizaliwa mwaka 1814 karibu na Guangzhou na akaufeli mara kwa mara mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali. Baada ya kuugua na kuona njozi mwaka 1837, na baada ya kusoma vijitabu vya Kikristo, alifikia kuamini kwamba yeye ni mwana wa Mungu na mdogo wake Yesu. Wafuasi wake wa kwanza walikuwa wakulima, wachoma mkaa na wachimba migodi wa milima ya Guangxi. Mwezi Januari 1851 walitangaza kuanzishwa kwa Taiping Tianguo, yaani Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu, na tarehe 19 Machi 1853 wakauteka mji wa Nanjing, wakaufanya makao yao na kuuita Tianjing, Mji Mkuu wa Mbinguni.

Walipiga marufuku kasumba, tumbaku, pombe na ufungaji wa miguu ya wanawake. Waliahidi kwamba ardhi ingegawanywa sawa na kwamba mali yote ingewekwa katika hazina moja. Ahadi ya ardhi kwa sehemu kubwa ilibaki kwenye karatasi. Jambo lililoonekana waziwazi zaidi lilikuwa nywele. Serikali ya Qing, ambayo watawala wake walikuwa Wamanchu, iliwalazimisha wanaume wote kunyoa paji la kichwa na kusuka mkia mmoja nyuma. Waasi wakaziacha nywele zikue, na kwa sababu hiyo wakaitwa «wenye nywele ndefu». Mtu aliweza kuuawa kwa sababu ya kichwa chake tu, na katika maeneo yaliyotekwa na kutekwa tena mkulima hakujua anyoe au asinyoe.

Kwa nini alijiunga nao? Je, aliamini dini yao?

Alikuwa amekwishasikia mahubiri ya Hong na kumwabudu Mungu wake kabla ya vita kufika kwao. Lakini kisa anachokisimulia juu ya siku ya kujiunga kina njaa ndani yake kuliko imani. Mwaka 1851 jeshi la Taiping lilipita kijijini kwao likiongozwa na Xiao Chaogui, aliyeitwa Mfalme wa Magharibi, na likapiga kambi kwa siku tano. Nafaka na nguo zilizokutwa vijijini zilichukuliwa, hata zile ambazo wenyeji walikuwa wamezificha milimani. Kisha likatoka tangazo kwamba waliokwisha kumwabudu Mungu hawana haja ya kukimbia: kuna chakula cha pamoja, waje wale. Familia isiyokuwa na kitu haikuona sababu ya kukimbia chakula.

Siku ya kuondoka ikaja amri nyingine, kwamba nyumba za waumini wote zichomwe moto. Wakazichoma, wakafuata. Li anaongeza sentensi ambayo kwangu ina uzito kuliko hotuba zote za uasi ule: watu wa kijijini hawazijui njia za mbali, wakishapita kiasi cha li mia moja, takribani kilomita hamsini, hawawezi tena kurudi, na nyuma yao kuna askari wa serikali wanaowafuata, nani asingeogopa?

Kama aliamini kwa dhati ni jambo gumu kulipima. Maelezo hayo aliyaandika mbele ya adui, na ilikuwa ni maslahi yake kuonekana mtu aliyevutwa na shida. Hata hivyo, njaa ya Guangxi ya miaka ile si ya kubuni, na katika miaka yake ya uongozi hakuonyesha ari ya kuhubiri kama viongozi wenzake.

Aliwezaje kupanda kutoka askari wa kawaida hadi amiri wa jeshi?

Kwa hatua mbili, na ya pili haikuwa kazi yake. Hatua ya kwanza ilikuwa utumishi wa kawaida: mwaka 1853, baada ya kutekwa kwa Nanjing, alipendekezwa na Yang Xiuqing, Mfalme wa Mashariki, kuwa ofisa wa jeshi, na kwa miaka mitatu akapigana katika bonde la mto Yangzi bila ya jina lake kuvuma sana.

Hatua ya pili ni ile ya viongozi kuchinjana wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Septemba 1856 Yang Xiuqing, ambaye ndiye aliyeendesha serikali na vita, aliuawa ndani ya mji mkuu na Wei Changhui, Mfalme wa Kaskazini, pamoja na maelfu ya watu wake. Wei akaigeukia familia ya Shi Dakai, mwenye cheo cha Yi Wang, yaani Mfalme wa Ubawa, akaiangamiza; miezi miwili baadaye Wei naye akauawa kwa amri ya Hong. Shi Dakai, jemadari bora aliyebaki, akaona kwamba Hong hamwamini, na mwaka 1857 akaondoka na jeshi lake asirudi tena. Katika nafasi iliyoachwa wazi waliinuliwa vijana wa vyeo vya chini, wawili wakiwa mbele ya wote: Li Xiucheng na Chen Yucheng, ambaye naye alitoka wilaya ya Teng na alikuwa mdogo wake kwa miaka 14.

Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa namna ambayo haikuonekana tena baadaye. Mwaka 1858 walikutana na makamanda wengine mjini Zongyang, wakapanga mipango, kisha wakaivunja kambi kubwa ya serikali iliyokuwa kaskazini mwa mto, mkabala na mji mkuu. Mwezi Novemba, pale Sanhe, walikizingira kikosi cha Li Xubin, mmoja wa makamanda hodari wa Jeshi la Hunan, lililoipigania serikali, na kukimaliza. Kiasi cha askari 6,000 waliangamia, akiwamo Zeng Guohua, mdogo wa Zeng Guofan aliyeliunda jeshi hilo. Kifo hicho kiliufanya ugomvi uwe wa damu kati ya familia ya Zeng na waasi.

Cheo cha «Mfalme Mwaminifu» alikipataje?

Alikipata kwa sababu walimshuku. Li Zhaoshou, kamanda aliyewahi kuwa chini yake na ambaye alikuwa amekwenda upande wa serikali, alimwandikia barua ya kumshawishi naye asalimu amri. Habari za barua hiyo zikafika mji mkuu. Hong akaamuru mto ufungwe, askari wa Li wasivuke, na mama yake na mke wake wakazuiliwa huku yeye akiwa upande wa pili akilinda vituo vilivyoulisha mji. Siku zikapita, Li hakusaliti, na mfalme akaona amekosea. Ndipo alipomwandikia kwa mkono wake, juu ya kitambaa cha hariri ya manjano, herufi nne zenye maana ya uaminifu na uadilifu wa vizazi elfu kumi, na mwishoni mwa mwaka 1859 akampa ufalme wenye jina hilo.

Ni vyema msomaji afahamu kwamba miaka ya mwisho vyeo vya ufalme viligawiwa ovyo, hata wafalme wakazidi elfu mbili. Ila mwaka 1859 cheo hicho bado kilikuwa na thamani.

Ushindi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa upi?

Ni ule wa masika ya mwaka 1860. Mji mkuu ulikuwa umezingirwa na kambi kubwa ya kusini mwa mto, iliyochimba mahandaki kuuzunguka pande nyingi, na kuishambulia uso kwa uso kungekuwa kujiua. Li aliona kwamba mishahara na chakula cha kambi hiyo vilitoka katika miji tajiri ya Suzhou na Hangzhou. Akatoka na kikosi kidogo, akapita njia za milima kusini mwa Anhui, na mwezi Machi akatokea mbele ya Hangzhou, mamia ya kilomita kutoka mji mkuu, akaingia kwa kulipua ukuta.

Hakutaka kukaa Hangzhou. Alitaka kambi ya adui iogope na kuwatuma askari wake kuuokoa mji huo, na ndivyo ilivyokuwa: Zhang Yuliang alitumwa na kikosi kikubwa. Li aliposikia kwamba wamefika, aliwaamuru watu wake wapandishe bendera nyingi juu ya kuta ili ionekane mji umejaa askari, kisha akatoka na watu wake. Kikosi cha Zhang kilisimama nje usiku na mchana kikizitazama bendera, kikisita kuingia katika mji usio na mtu wa kuulinda. Muda huo ulimtosha Li kurudi kwa mwendo wa haraka, akaungana na majeshi mengine, akiwemo Chen Yucheng, na mwanzoni mwa Mei wakaishambulia kambi iliyopungukiwa askari na ambayo askari waliobaki walikuwa wakinung'unikia mishahara iliyocheleweshwa. Kambi ikaporomoka. Jemadari Zhang Guoliang akafa maji pale Danyang akikimbia, na tarehe 2 Juni Li akaingia Suzhou, ambako askari wa serikali waliokuwa ndani walimfungulia milango.

Je, aliwatendea raia kwa wema?

Jibu la haki ni kwamba aliwatendea vyema kuliko wengi wa wenzake, na kwamba hilo si sifa kubwa katika vita vilivyoua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi.

Vijiji vilivyozunguka Suzhou vilikataa kumtii. Maofisa wake walitaka vichomwe. Yeye, kwa maelezo yake, akapanda mashua na kwenda mwenyewe. Wanavijiji wakamzunguka kwa mikuki, watu aliofuatana nao wakapauka kwa hofu, naye akawaambia kwamba yuko tayari kufa ikiwa kifo chake kitawatuliza, asinyanyue mkono. Baada ya mazungumzo mikuki ikashuka, na wilaya ya jirani ikatulia kwa siku tatu. Alipouteka tena mji wa Hangzhou mwezi Desemba 1861, baada ya mzingiro uliowaua wengi kwa njaa, gavana Wang Youling alikuwa amejinyonga. Li akaagiza atengenezewe jeneza na mwili wake usafirishwe kwa mashua kwenda kwa watu wake.

Lakini njaa ile ya Hangzhou ilikuwa ni kazi yake pia. Majeshi yake yaliongezeka kwa kuwapokea maelfu ya askari wa serikali waliosalimu amri, watu wasiokuwa na imani ya Taiping wala nidhamu yake, nao waliporomosha uporaji kila walikopita. Mwenyewe anakubali kwamba watu walitaabishwa, ingawa anawatupia lawama wengine.

Kwa nini hakuiteka Shanghai?

Kwa sababu Waingereza na Wafaransa walimzuia. Mwezi Agosti 1860 alifika karibu na mji huo akiwa na watu wachache, akiwa amewaandikia makonsuli wa nchi za Ulaya, akitarajia kwamba watu wanaomwabudu Mungu mmoja naye wasingempiga. Walimpiga kwa mizinga na bunduki kutoka juu ya kuta. Kinyume cha ajabu ni kwamba mwezi huohuo majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa kaskazini yakizishambulia ngome za Dagu za serikali hiyohiyo ya Qing, na miezi miwili baadaye yaliliteketeza kasri la mfalme wa Qing karibu na Beijing. Kaskazini waliipiga serikali, kusini waliilinda dhidi ya waasi wake. Kilichowaongoza kotekote kilikuwa biashara.

Alirudi mwaka 1862 na jeshi kubwa, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Mmarekani Frederick Townsend Ward alikuwa amefundisha askari wa Kichina kwa silaha za Kizungu, kikosi kilichopewa jina la Jeshi Lishindalo Daima. Na mwezi Aprili Li Hongzhang, jemadari wa serikali, aliwasili na jeshi jipya kutoka Anhui, lililosafirishwa kwa meli za mvuke kupita katikati ya maeneo ya waasi. Ward aliuawa mwezi Septemba mwaka huo pale Cixi, na mwaka uliofuata uongozi wa kikosi chake ukaenda kwa ofisa Mwingereza, Charles Gordon.

Je, huyo Gordon ndiye yule aliyeuawa Khartoum?

Ndiye. Baada ya China alitumwa na mtawala wa Misri, na tangu mwaka 1874 akawa gavana wa Equatoria, jimbo ambalo pande zake za kusini sasa ziko kaskazini mwa Uganda. Wasomaji wa pwani wana sababu yao ya kumkumbuka: ni yeye aliyependekeza kwamba Misri ipate njia ya kutokea Bahari ya Hindi, na mwaka 1875 meli za Misri zikashusha askari Barawa na Kismayu, miji iliyokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Sultani alilalamika kwa Waingereza na Wamisri wakaondolewa. Gordon aliuawa Khartoum mwezi Januari 1885 na wafuasi wa Mahdi. Mtu aliyejipatia jina kwa kuwapiga waasi wa dini China akafa mikononi mwa waasi wa dini Sudan.

Li alikosea wapi kijeshi?

Kosa kubwa kuliko yote ni Anqing. Mji huo ulikuwa mlango wa Mto Yangzi kwa anayeelekea mji mkuu, na Zeng Guofan alikusudia kuuteka kwanza. Mpango wa waasi ulikuwa kwamba Chen Yucheng apande kwa ukingo wa kaskazini na Li kwa ukingo wa kusini, wakutane Wuchang katika masika ya mwaka 1861, ili Zeng alazimike kuiacha Anqing. Ilikuwa ni hila ileile ya Hangzhou kwa kipimo kikubwa zaidi. Chen alifika kwa wakati. Li alifika mwezi Juni, miezi mitatu baadaye, akageuka na kurudi na makumi ya maelfu ya askari wapya aliowaandikisha njiani. Anqing ikaanguka mwezi Septemba, na Chen, aliyevunjika nguvu kwa kuipigania, akasalitiwa na kuuawa mwaka uliofuata akiwa na miaka 25.

Njiani alipita nafasi nyingine isiyorudi. Mwezi Desemba 1860 vikosi vyake vilivuka milima hadi karibu na Qimen, makao ya Zeng Guofan, ambaye alikuwa na ulinzi mdogo na alikuwa akiwaandikia jamaa zake maneno ya wasia. Li hakujua, au hakujali. Baada ya mapigano ya siku chache akaondoka.

Wanaomtetea husema kwamba alikuwa na sababu ya kuthamini mashariki, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mchele na fedha. Mimi naona utetezi huo ni dhaifu: aliyejua kuwa kambi ya adui inalishwa kutoka mbali alipaswa kujua pia kwamba mji wake mwenyewe unalishwa kwa mto.

Kwa nini hakuukimbia mji mkuu ulipozingirwa?

Tangu Mei 1862 Zeng Guoquan, mdogo mwingine wa Zeng Guofan, alikuwa amepiga kambi pale Yuhuatai, nje ya kuta. Li aliitwa arudi, akaishambulia kambi hiyo kwa siku 46 na hakuweza kuing'oa. Mwezi Desemba 1863 Suzhou nayo ikaenda: wafalme wadogo aliowaachia mji walimuua mwenzao aliyetaka kupigana, wakasalimu amri, na siku mbili baadaye Li Hongzhang akawaua licha ya ahadi zilizotolewa, jambo lililomghadhabisha Gordon mno.

Mwezi huo Li Xiucheng alimwendea Hong na kumwambia kwamba chakula kimekwisha, mji hauwezi kulindwa, waondoke. Hong akamjibu kwamba ametumwa na Mungu kuzitawala nchi zote, hana la kuogopa. Alipoulizwa watu watakula nini, alisema wale «umande mtamu», akimaanisha mana ya Waisraeli. Akaamuru magugu ya uwanja wa kasri yakusanywe, yafinyangwe tonge, naye akawa wa kwanza kula. Li anaeleza kwamba yeye aligawa mchele na fedha zake mwenyewe kwa maskini wa mji hadi vikaisha, kisha akawaruhusu wenye njaa watoke. Mama yake alikuwa ndani, na raia wengi walimsihi asiwaache. Hong alifariki tarehe 1 Juni 1864.

Alikamatwaje?

Tarehe 19 Julai 1864 wazingiraji walilipua sehemu ya ukuta kwa baruti iliyowekwa ndani ya njia ya chini kwa chini. Usiku Li akamtoa Hong Tianguifu, mwana wa mfalme aliyekuwa na miaka 14, wakijipenyeza kwenye ufa uleule. Farasi wa kijana hakuwa na nguvu, hivyo Li akampa farasi wake mwenyewe na kubaki na mnyonge. Farasi huyo hakufika mbali.

Akapanda mlima Fangshan, akajificha katika hekalu bovu, akavua kitambaa alichofungia vito vyake na kukitundika mtini ili apunge upepo. Wanakijiji wakatokea, akashtuka na kukimbia, akakisahau kitambaa. Baadhi walimtambua, wakapiga magoti na kulia, wakamficha na kumbembeleza anyoe kichwa ili waweze kumpitisha. Lakini waliovipata vito na waliotaka mgawo wao wakagombana, siri ikatoka, na tarehe 22 Julai akakabidhiwa kwa Zeng Guoquan, ambaye kwa hasira alimchoma kwa msumari wa kushonea na kisu. Yule kijana aliyepewa farasi alikamatwa Jiangxi mwezi Oktoba na kuuawa mwezi uliofuata.

Maandishi yake ya kifungoni yanasema nini, na yanaaminika?

Aliyaandika ndani ya kizimba cha mbao, katika joto la kiangazi, kuanzia tarehe 30 Julai hadi 7 Agosti, kwa maelfu ya herufi kila siku. Yanasimulia maisha yake na historia yote ya uasi, yanataja makosa kumi ya ufalme wake, yakiwemo ya wafalme kuuana na ya Hong kuwaamini jamaa zake kuliko maofisa wa nje, na yanamwomba Zeng Guofan amruhusu awashawishi waasi waliosalia waweke silaha chini, nao wasiuawe. Anamshauri pia kwamba hatari inayokuja ni mataifa ya Ulaya, na kwamba China inunue mizinga bora na kujifunza kuiunda.

Zeng alimuua jioni ya tarehe 7 Agosti bila kungoja idhini ya kumpeleka Beijing, akayahariri maandishi na kuyachapisha, akiuficha mswada wenyewe. Ukoo wake uliutunza kwa karibu karne nzima, hadi ulipotolewa kwa picha kule Taiwan mwaka 1962. Hapo ilionekana mistari iliyokatwa, na kwamba mwandiko unaishia katikati ya sentensi, jambo linalowafanya wengi washuku kwamba kurasa za mwisho ziliharibiwa. Mwanahistoria Luo Ergang, mzaliwa wa Guangxi, aliyachunguza kwa miongo mingi, akitumia maneno ya lahaja na umbo la herufi kuthibitisha kwamba ni mkono wa Li mwenyewe.

Basi, alikuwa msaliti?

Mwaka 1963 Qi Benyu alichapisha makala mjini Beijing akisema ndiyo, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni hukumu hiyo ndiyo iliyotawala. Luo Ergang alishikilia kwamba ilikuwa hila ya kuwanunulia wenzake muda. Nadharia hiyo ya hila inahitaji adui mjinga, na Zeng Guofan hakuwa mjinga. Li alimjua vya kutosha. Ninachokiona mimi katika kurasa zile ni mtu aliyejua kwamba vita vimekwisha na aliyekuwa akipigania jambo moja lililobaki, roho za askari wa Guangxi ambao Jeshi la Hunan lilikuwa na desturi ya kuwaua wote, na labda roho yake pia.

Kuna ushahidi mmoja mdogo ambao wanaomhukumu huupita haraka. Zhao Liewen, katibu wa kambi ya Zeng, aliandika katika shajara yake kwamba kabla ya kukatwa kichwa Li alitunga mistari kumi ya kuaga, akampa ofisa aliyesimamia adhabu. Zhao, msomi aliyezoea mashairi ya kanuni, aliicheka kwa kuwa haikuwa na vina na lugha yake ilikuwa ya kishamba. Akataja kwamba maudhui yake ni uaminifu wake kwa mfalme wake.

Je, kuna mahali pa kumbukumbu yake leo?

Kasri alilojijengea Suzhou lipo mpaka sasa, jirani na bustani maarufu ya Zhuozheng, nalo ni sehemu ya Jumba la Makumbusho la Suzhou, ambalo jengo lake jipya lililochorwa na I. M. Pei lilifunguliwa mwaka 2006. Mgeni anaweza kupita kwenye kumbi zake za mbao na kuona michoro ya rangi ya Taiping juu ya maboriti. Baada ya mji kuanguka, kasri hilo lilitumiwa na Li Hongzhang kuwa ofisi yake ya ugavana.